Maganda ya Komamanga na Kidonge Hewa

Jumatatu, 3 Februari

Nimekimbia somo la udereva tena. Nimemwacha mwanafunzi wangu, Mstaafu, katikati ya barabara, injini inanguruma, mikono miwili imeng'ang'ania usukani kana kwamba gari litamtoroka. "Kanyaga breki, usiguse kitu," nikamwambia, nikaruka nje. Duka la vifaa vya ujenzi lina choo nyuma ya mifuko ya saruji. Mwenye duka siku hizi hanisalimii, ananyoosha kidole tu.

Niliporudi palikuwa na msururu wa magari nyuma yetu, honi juu ya honi. Mstaafu yuko vilevile, mguu kwenye breki, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. "Mwalimu," kasema, "sijagusa kitu." Mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha.

Wengine wanaujua mji huu kwa mitaa yake. Mimi naujua kwa vyoo vyake. Madaktari wana jina refu la ugonjwa wangu. Utumbo mpana umevimba, una vidonda, unatoa damu ukijisikia. Mimi namwita Mpangaji. Hahami, haambiliki, na akikasirika anafanya fujo mbele za watu.

Kliniki wamepiga simu. Kuna utafiti wa dawa ya mimea, wanatafuta wagonjwa. Niende Alhamisi. Nitakwenda. Nimeshakunywa kila kitu kasoro mafuta ya breki.

Alhamisi, 6 Februari

Daktari wa utafiti ni mdogo kwangu, miwani mikubwa, sauti ya kusomea watoto hadithi. Alitukusanya kama kumi hivi, wote tumekaa karibu na mlango. Hakuna aliyetaka kiti cha mbele! Hapo ndipo nilipojua niko na watu wangu.

Akaeleza. Mwilini, kasema, kuna kitu kinachofanana na kutu. Chuma kikipata hewa na maji kinaliwa, na utumbo uliovimba nao unaliwa hivyohivyo. Maganda ya komamanga yana vitu vinavyozuia ile kutu. Vinaitwa antioksidanti. Wameyakausha, wameyakamua, wametoa unga, wameutia kwenye vidonge. Kwenye panya imefanya kazi vizuri sana. Hongera kwa panya.

Kumbe shida yangu miaka yote hii ni kutu kwenye bomba la moshi.

Halafu kaja na lingine. Nusu yetu tutapewa maganda. Nusu tutapewa kidonge kisicho na kitu ndani. Yeye hajui nani kapewa nini, nesi hajui, sisi hatujui. Kila chupa ina namba tu, na siri ya namba iko kwenye ofisi nyingine, imefungiwa. Sawa. Mfanyakazi hewa tunamjua, anakula mshahara na hayupo. Sasa kuna kidonge hewa.

Masharti: dawa zetu za kawaida tuendelee nazo vilevile, tusiache hata moja. Tusichanganye na dawa nyingine. Tusigawane. Ukiona damu imezidi, piga simu siku hiyohiyo. Tukaitikia "ndiyooo" kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

Benchini nimekaa na fundi cherehani. Mwembamba, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, kasahau kuuvua. Kaniangalia kidogo, kisha kauliza, bila hata habari za saa hizi, "Wewe kwa siku mara ngapi?"

Kwingine angekula kofi. Pale ndiyo salamu. Nikamtajia idadi. Akanionea wivu.

Jumanne, 11 Februari

Mama kasikia neno komamanga, basi. Tangu ahamie kwangu jiko ni lake, mimi mgeni. Juzi nimetoka kazini nakuta sufuria kubwa limejaa maganda yanachemka, nyumba inanuka kama kiwanda cha ngozi.

"Mama, nimekatazwa kuchanganya."

"Nani kachanganya? Hiyo si dawa. Ni maganda."

"Na ya daktari ni nini?"

"Ya daktari ni ya daktari." Akanimiminia kikombe. "Sisi tumekula komamanga maisha yetu yote, maganda tunatupa. Kumbe tulikuwa tunatupa hospitali nzima!"

Sikunywa. Kusudi kisipotee bure, kanywa yeye. Vikombe viwili, tena kwa kunikomoa.

Tangu juzi hajapata choo. Leo anatembea taratibu, kashika ukuta, hasemi na mtu. Nyumba moja, watu wawili: mmoja haendi, mwingine harudi.

Jumatano, 26 Februari

Naandika taratibu, nisije nikamwamsha. Mpangaji amelala.

Leo nimefundisha masomo manne bila kushuka garini. Manne! Mstaafu kaondoa gari mlimani bila kurudi nyuma, na mimi nikakaa pale kwenye kiti changu kama binadamu. Nimepita duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka kaninyooshea kidole kwa mazoea. Nikampungia mkono.

Na sketi imenibana. Sijui nicheke au nilie. Nimeipeleka kwa yule Fundi wa kliniki, kibanda chake kiko nyuma ya kituo cha mafuta. Cherehani moja, kioo kimoja, na pazia la kubadilishia nguo ambalo nyuma yake, kaniambia kwa fahari, kuna mlango wa moja kwa moja hadi chooni. "Nilipochagua fremu ya duka sikuangalia wateja. Niliangalia umbali."

Anatanua sketi yangu, huku suruali yake mwenyewe kaibana kwa pini kiunoni. Sikuuliza. Alipoona ninavyomtazama, akasema, "Wewe umepata yenyewe. Mimi nimepewa hewa."

Basi tukafanya utafiti wetu. Mimi nikafungua kidonge changu kimoja, yeye chake. Unga wote wa kahawia. Tukaonja, kila mmoja cha mwenzake, watu wazima wawili tunalamba vidole kama watoto walioiba sukari. Changu kichungu. Chake kichungu.

"Vyote vichungu," kasema.

"Changu kichungu zaidi," nikasema.

Kafikiri. Kalamba tena. "Ni kweli. Chako kichungu zaidi."

Sayansi hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Nesi kafurahi na mimi mpaka nikaona haya. Uzito umepanda, damu hakuna. Daktari kaandika, kaniangalia juu ya miwani, katabasamu, kisha akakumbuka kwamba hatakiwi kutabasamu.

Fundi alitoka chumba cha daktari haraka mno. Nikamfuata nje, tukakaa kwenye ukuta wa maua.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia sijambo."

"Fundi."

"Nikimwambia damu imezidi ananitoa kwenye utafiti leo hii. Nikitoka hapa najua ninakopelekwa. Walishaniambia mwaka jana. Ikishindikana, utumbo unakatwa, kisha unawekewa mfuko wa kinyesi hapa." Kajigusa ubavuni. "Mwalimu, nimewashonea watu mifuko maisha yangu yote. Leo nishonewe mmoja tumboni?"

Nilicheka. Ndiye aliyenichekesha, hivyo nikacheka. Hakucheka yeye. Alikuwa anachezea utepe wake, anaukunja, anaukunjua.

Nikamwambia kuna watu wanaishi na ule mfuko, wanafanya kazi, wanacheza na watoto. Kasema anajua. Kasema hata kifo watu wanajua kipo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya jambo. Nisilirembe.

Nimekwenda kibandani kwa Fundi na chupa yangu mkononi. Nikamwambia: mimi nimeshapona, utumbo wangu umeshaelewa somo. Chukua hivi, nipe vyako. Akakataa. Nikasisitiza. Akakataa tena lakini kwa sauti ndogo, nami ni mwalimu, ile sauti naijua, ni ya mwanafunzi anayesubiri kusukumwa.

Hatukubadilishana chupa, maana zina namba. Tulimwaga vidonge vyangu kwenye kitambaa kimoja na vyake kwenye kingine, kisha tukavitia kila upande kwenye chupa ya mwenzake. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Alifanya kwa uangalifu uleule anaofanyia vifungo.

"Ila uniahidi," nikasema. "Damu isipopungua wiki hii, unamwambia daktari."

"Naapa."

Mimi ndiye ninayewaambia watu kila siku: usimwachie usukani asiye na leseni. Nilirudi nyumbani naimba. Sijawahi kujiona mwema kiasi kile. Mama kauliza nimepata mchumba?

Jumanne, 18 Machi

Ujumbe kutoka kwa Fundi. "Mwalimu kitu kinafanya kazi! Jana mara tatu tu!!" Na picha ya gauni alilomaliza kushona.

Nimeusoma ujumbe mara nyingi kuliko inavyostahili. Nimemwambia Mama kwamba nimeokoa mtu. Nani? Siwezi kusema. Kwa nini? Ni siri ya kitaalamu. Kanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyokaa nje.

Jambo moja linaniwasha kidogo. Siku zote hizi nakula vidonge hewa vya Fundi. Na Mpangaji bado kalala fofofo. Sketi imeanza kubana tena.

Labda ndiyo lile somo nililosema utumbo umelielewa. Labda. Nalala.

Alhamisi, 20 Machi

Kliniki. Mstaafu kanileta, kaomba mwenyewe ili afanye mazoezi ya kuegesha. Kaegesha vizuri sana, kwenye nafasi ya gari la wagonjwa.

Fundi kaja amevaa koti zito. Jua lote lile! Tulipoitwa kwenye mizani nilikuwa nyuma yake, nikaona mfuko wa koti unavyoning'inia, na nikaona kilichomo: mkasi wake. Ule mkubwa wa chuma, wa kukatia mablanketi. Mfuko wa pili sijui aliweka nini. Nadhani pasi.

Nesi kasoma uzito, kasema "safi." Fundi kanikonyeza.

Nilipaswa kusema. Nilichofanya ni kufunika mdomo nisicheke. Uso wake ulikuwa na rangi ya karatasi iliyokaa dirishani, na mimi nacheka mkasi.

Halafu Daktari wa Maganda kaongea na sote, kutushukuru. Mwenzetu mmoja, dereva wa lori, kauliza kwa nini vidonge ni vichungu hivi mtu akivitafuna. Daktari kacheka. Kasema wanajua watu wataonja, watu huonja daima, kwa hiyo vile visivyo na kitu navyo vimetiwa uchungu. Kwa makusudi. Uchungu uleule. "Ulimi hauwezi kujua," kasema. "Wala mimi siwezi."

Nilimtafuta Fundi kwa macho. Alikuwa ameshakwenda chooni.

Kwa hiyo sijui nilichompa. Tangu mwanzo sikujua. Nilikuwa na chupa, nafuu, na kichwa kigumu, basi nikavijumlisha.

Nimempigia simu jioni, nimemwambia maneno ya daktari. Kasema, "Ulimi wake yeye hauwezi. Wetu uliweza." Nikamkumbusha ahadi. Kasema damu imepungua, kweli kabisa, nisimsumbue, ana nguo za watu.

Nikaacha kumsumbua. Nina utii mkubwa sana ninapotaka.

Jumatatu, 24 Machi

Mke wa Fundi kapiga simu. Mumewe kaanguka kibandani, juu ya cherehani. Damu. Yuko hospitali. Kasema, "Njoo dada, wewe anakusikiliza."

Jumanne, 25 Machi

Hospitali. Ukumbi wa nje ya wodi ya upasuaji. Viti vya plastiki vimeunganishwa kwa chuma, akitikisika mmoja tunatikisika wote.

Nilimwona Fundi asubuhi, dakika chache. Mrija mkononi, mwingine puani. Kavuliwa utepe, shingo inaonekana tupu, nyembamba kama ya kuku. Kafungua jicho moja. "Mwalimu," kasema. "Breki zimekatika." Nikamwambia nyamaza, pumzika. Nilitaka kumwambia jingine, nikamwambia hilo.

Mkewe sikuwahi kukutana naye. Mwanamke mfupi, mpole, mikono haitulii. Kanikumbatia mbele za watu. Kasema tangu mumewe aanze kukaa na mimi kwenye benchi lile, kicheko kimerudi nyumbani. Kanishukuru. Kashukuru mara ya pili. Akaniletea chai! Mimi! Nimeinywa yote. Mpangaji hata hakugeuka, kalala kama mfalme.

Mpasuaji kaja, mtu wa maneno machache. Utumbo umetanuka, unaweza kupasuka wakati wowote. Unatoka leo. Mfuko, ndiyo. Mkewe kaitikia kwa kichwa. Kisha mpasuaji kauliza anameza nini, maana mimea mingine inazuia damu kuganda, na kabla ya kumlaza mezani anataka kujua atakutana na nini.

Daktari wa Maganda naye kaja, mbio, miwani imepanda kichwani. Kakaa mbele yetu, kachuchumaa kabisa, kauliza kwa ile sauti yake ya hadithi: kuna chochote Fundi alichobadilisha siku hizi?

Mkewe kafungua mkoba. Katoa pakiti za dawa, zile za kawaida, zile ambazo sote tuliambiwa tusiache. Moja, mbili, hazijaguswa. "Hizi aliziacha tangu wiki ya pili ya mwezi," kasema. "Alisema hazihitaji tena. Alisema sasa anayo ya kweli."

Sikujua. Hilo naliandika hapa mahali ambapo hakuna wa kunisadiki wala wa kunibishia: sikujua kwamba aliziacha. Lakini najua nani alimwambia kwamba anayo ya kweli.

Daktari kapokea pakiti, kazigeuza. "Ya kweli?" kauliza polepole. "Alijuaje kwamba ni ya kweli? Hata mimi sijui."

"Sijui, daktari," mkewe kasema. "Muulize Mwalimu. Ndiye rafiki yake."

Wote wawili wakanitazama. Nimefundisha watu kutazama kioo cha mbele, cha kulia, cha kushoto. Sikuwa na kioo hata kimoja. Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa.

Simu ya daktari ikalia. Ni ile ofisi iliyofungia siri za namba. Kasimama, kaninyooshea kidole kimoja, nisubiri, akaenda kusimama pale dirishani. Namsikia kutoka hapa. Anaomba namba ya Fundi ifunguliwe, ni dharura, mgonjwa anaingia kwenye upasuaji. Wanamwambia asubiri, wanatafuta mwenye ufunguo.

Watamjibu. Watamwambia chupa ile ya Fundi ilitiwa nini siku ya kwanza. Watakuwa wamesema kweli, na itakuwa uongo. Kama chupa yake ilikuwa hewa, mpasuaji ataingia bila wasiwasi, na huenda damu ya Fundi imejaa maganda yangu. Kama ilikuwa maganda, watasema maganda yamemwangusha, watasimamisha kila kitu, na panya wale wote watakuwa wamepona bure.

Na mimi watanitoa. Hilo nalo nimelifikiria, nisijifanye malaika. Watanitoa, na mke huyu atajua chai yake amemnywesha nani.

Nimetoa daftari hili kwenye mkoba nikajifanya nina jambo muhimu la kuandika. Mkewe kaniachia nafasi, kageukia upande wake, anakunja shati la mumewe, anapanga kola, anafungua, anakunja upya. Kafuta doa kwa kidole na mate. Haliwezi kutoka. Anaendelea kufuta.

Daktari bado yuko dirishani. Anaitikia kwa kichwa, anasema, "Ndiyo, nasubiri." Nesi wa chumba cha upasuaji kapita na kitanda cha magurudumu, kitupu, anakwenda wodini.

Naandika nitakachosema, ili mdomo usipate pa kujificha. Maneno machache tu, mtu mzima anaweza kuyasema.

Daktari, usiulize namba yake. Uliza yangu.

Mkewe kanisikia nikinong'ona. "Unasemaje, dada?"

Daktari ameshusha simu. Anageuka. Anakuja huku —